Ana Kifua

Mtu wa Pwani akikwambia "fulani ana kifua", usikurupuke kuelewa. Huenda anamsifu: fulani ni mtunza siri, ukimwambia neno jioni atakwenda nalo kaburini. Huenda pia anamsikitikia: fulani anakohoa, usiku halali, na wiki hii kibaruani hakuonekana. Maana hizo mbili huishi ndani ya neno moja bila kugombana, na aliyekulia katika lugha hii hazimchanganyi, kwa kuwa uso na sauti ya msemaji vinatosha kumwonyesha ipi imekusudiwa. Wasiwasi wangu huanza pale neno hilohilo linapoandikwa kwenye daftari la zahanati, chini ya safu ya ugonjwa, kwa kalamu ya mtu mwenye foleni ndefu mlangoni. Daftari halina uso wala sauti.

Kazi yangu ni kufasiri. Riziki yangu imetoka kwenye vipeperushi vya afya, miongozo ya wahudumu na ripoti za kila namna. Mwaka juzi nililetewa ripoti juu ya magonjwa ya mapafu yaliyofika mbali: mzigo wake kwa wananchi na gharama zake. Kichwa cha ripoti peke yake kilinikalisha kutwa nzima. Si kwamba Kiswahili kilikosa maneno. Kinayo, tena kwa wingi. Lakini siku hizohizo shangazi yangu alikuwa Tanga, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, viganja juu ya magoti, anaitafuta hewa. Kila neno nililoandika nilikuwa nalipeleka kwake kwanza, nione kama linamkaa.

Kiswahili kimeyapa maradhi ya kifua majina kwa njia ninayoipenda sana: kimemsikiliza mgonjwa. Mwenye nimonia husema anachomwa ubavuni kila akivuta hewa, basi ugonjwa ukaitwa kichomi. Pumu ni ndugu wa kupumua, pumzi na kupumzika, na aliyewahi kubanwa na pumu anajua kwamba humnyima mtu vyote vitatu kwa mpigo. Kifua kikuu nacho kina heshima ya kutisha katika jina lake: si kifua hiki cha mafua na baridi, bali kile kikuu, mkubwa wao. Hata buchani mapafu ya ng'ombe yana jina lake la mtaani, mapupu, jina laini kama yenyewe yalivyo mkononi, mepesi, yamejaa upepo.

Yasiyoingia katika majina hayo matatu hutupwa kwenye kapu moja, nalo ni kifua. Shangazi alikaa ndani ya kapu hilo miaka tisa.

Alikuwa mpika vitumbua. Saa kumi alfajiri ilimkuta mekoni, kwenye banda la makuti lililopakwa masizi hadi juu, chuma cha vitumbua kikiwa juu ya mafiga na moto wa vifuu na makumbi chini yake. Makumbi yakiwa na unyevu hayashiki. Hutoa moshi mzito unaong'ang'ania machoni, na dawa yake ni kuinama na kupuliza. Naukumbuka uso wake akipuliza: macho ameyafumba nusu, mashavu yamejaa, midomo ameikusanya kama mtu anayetaka kupiga mbinja. Miaka thelathini na ushei ya alfajiri namna hiyo. Sigara hakuwahi kuigusa.

Alipoanza kukohoa, daftari la kwanza liliandika kifua, akapewa dawa ya maji. La pili liliandika kifua, akapewa vidonge. Makohozi yalipimwa mara kadhaa kutafuta kifua kikuu na hayakuonyesha kitu. Hata hivyo kituo kimoja kilimwanzishia dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi 6 bila kuruka siku, na kikohozi kikabaki palepale. Majirani walihesabu miezi ile kwa namna yao. Wateja wa vitumbua walipungua, kwani nani atakula kitumbua cha mwenye kifua kikuu? Hiyo ilikuwa hasara ya kwanza kubwa iliyompata kwa sababu ya jina. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujamlaza.

Kipimo alichokihitaji kipo tangu zamani. Mwaka 1846 tabibu wa London, John Hutchinson, alichapisha habari za chombo cha kupimia hewa anayoitoa mtu, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000. Vyombo vya leo ni vidogo, vinakaa mkononi, lakini wazo ni lilelile: vuta hewa hadi mwisho, kisha puliza kwa nguvu zako zote. Kinachotafutwa ni hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza ikilinganishwa na hewa yote iliyotoka. Mgonjwa akiwa ameshapewa dawa ya kupanua njia za hewa na bado uwiano uko chini ya 0.70, basi njia zake zimebanwa, na ubano huo hauondoki.

Nilikuwapo siku shangazi alipopimwa. Dada wa maabara alimshika bega, akaanza kumhimiza: "Puliza mama, puliza, puliza, puliza, usiache, bado kidogo!" Shangazi alipotoa mdomo kwenye mrija alikuwa ametoka jasho, akanigeukia, akasema polepole, maneno mawili kwa kila pumzi: "Na huku nako... ni kupuliza?" Uwiano wake ulikuwa 0.48. Hewa ya sekunde ya kwanza ilikuwa kama theluthi ya ile inayotarajiwa kwa mwanamke wa umri na kimo chake.

Daktari akaandika kwenye kadi herufi nne za Kiingereza, COPD. Binti wa shangazi, ambaye ndiye anayemuuguza, akazisoma kwa sauti moja moja, kisha akauliza kwa Kiswahili ni kitu gani. Daktari, kijana mwema ambaye hakuwa na haraka nasi, akajibu: "Ni ugonjwa sugu wa mapafu."

Nataka kukaa kidogo kwenye neno hilo, sugu. Ni neno zuri, tena la mwilini. Sugu ni ile ngozi iliyokakamaa kiganjani kwa mshika jembe, au kisiginoni kwa atembeaye peku. Mahali palipopigwa mara kwa mara, mwili ukashindwa kuparudishia ulaini, ukapafanya pagumu. Ukilitazama pafu lililovuta moshi miaka thelathini, hakuna neno lingeliweza kulieleza vyema zaidi: njia za hewa zimenenepa kuta na kuingia makovu, hazipanuki tena. Aliyelitwaa neno hilo kutoka kiganjani na kulitia katika tiba alikuwa na jicho kali.

Tatizo ni kwamba neno limeajiriwa kazi mbili. Kuna ugonjwa sugu, yaani usiokwisha, kama kisukari au shinikizo la damu. Na kuna usugu wa vijidudu, yaani vimelea vilivyozoea dawa hadi haviuawi nazo, na mtoto maarufu wa maana hii ya pili ni kifua kikuu sugu. Hilo ndilo jina lililo kwenye mabango, redioni na katika mahubiri ya wahudumu wa afya vijijini. Basi mwambie mwanamke aliyekwisha kumeza dawa za kifua kikuu miezi 6 bila nafuu kwamba sasa ana "ugonjwa sugu wa mapafu". Atasikia nini? Shangazi alisikia kile alichokiogopa kuliko vyote. Njiani kurudi, ndani ya bajaji, alijifunika mdomo kwa upindo wa mtandio na kumwambia binti yake asikae karibu naye. Ilichukua siku mbili kumwelewesha kwamba ugonjwa wake haumwambukizi mtu.

Tafsiri ndefu ninayoiona katika nyaraka ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ni sahihi, na ndani ya kitabu sina ugomvi nayo. Ila haiingii kwenye safu ya daftari, na kisichoingia kwenye safu hakiandikwi. Mimi ningependa tufanye kama waliotupa kichomi. Wagonjwa hawa wote, kuanzia Tanga hadi Kigoma, husema kitenzi kimoja: kifua kimenibana, nabanwa. Basi uitwe mbano wa mapafu. Maneno matatu, yanatosha kwenye safu, hayamtishi jirani, na mgonjwa akiyasikia hujitambua. Kama kuna aliye na jina bora, alilete. Lakini lisiwe refu kuliko pumzi ya atakayelitamka.

Jambo jingine nililojifunza kwa kumtazama shangazi ni kwamba tunakosea tukidhani wagonjwa hawa wanashindwa kuvuta hewa. Hewa inaingia. Kinachogoma ni kutoka. Vifuko vidogo vya hewa vimebomoka kuta, pafu limepoteza mnyweo wake kama raba iliyochakaa, na hewa iliyoingia inanaswa ndani. Kabla ya kuitoa yote, mwili unadai nyingine. Ndiyo maana wengi wao, bila kufundishwa na mtu, hukusanya midomo na kutoa hewa kidogo kidogo kama wanaopuliza kaa la moto. Hiyo husaidia kuzizuia njia za hewa zisijifunge mapema. Nilipomwona shangazi akifanya hivyo kitandani mara ya kwanza, nilipaona mekoni pote pa utoto wangu katika uso ule.

Kiswahili kina msemo kwa kile alichonyimwa: kushusha pumzi. Mtu hushusha pumzi hofu ikiisha, deni likilipwa, mtoto aliyechelewa akionekana mlangoni. Hatusemi kutoa, tunasema kushusha, kama tunavyosema kushusha mzigo. Lugha imejua siku nyingi kwamba pumzi iliyokaa ndani ni kitu kizito.

Ripoti yangu, nayo, ilikuwa na tatizo la kusema ugonjwa "uliofika mbali". Nilijaribu uliokomaa, nikaacha. Kukomaa ni sifa ya papai na ya mtu mzima mwenye busara. Uliokithiri ulinukia hotuba. Mwishowe nikarudi kwenye neno la kawaida kabisa, hatua, na hapo nikakuta Kiswahili kimenitangulia. Katika miaka ya 1940 na 1950 daktari mmoja Mwingereza, Charles Fletcher, alifanya kazi na wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, na maswali aliyowauliza juu ya kukosa pumzi ndiyo yaliyozaa kipimo kinachotumika hadi leo hospitalini. Karibu kila swali ni la mwendo. Unahema ukipanda kilima? Wenzako wa rika moja wanakuacha nyuma kwenye tambarare? Unasimama baada ya kama mita 100? Daraja la mwisho ni la mtu asiyeweza kutoka nyumbani, ambaye hata kuvaa na kuvua nguo kunamtoa pumzi. Kwa hiyo hatua za ugonjwa huu zinahesabiwa kwa hatua za miguu, na sisi tuna neno moja kwa zote mbili. Shangazi alikuwa akitembea hadi sokoni Mgandini. Baadaye hadi msikitini. Baadaye hadi kisimani uani. Nilipomtembelea mara ya mwisho, kutoka kitandani hadi mlangoni palikuwa na hatua saba, na ya nne alikuwa akisimama, mkono ukutani.

Sasa watu wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mbano wa mapafu uliua watu milioni 3.5 hivi, kama asilimia 5 ya vifo vyote duniani, na kati ya wanaouawa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri chanzo kikubwa ni sigara. Kwetu sigara ni sehemu tu ya habari. Kuna moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kazini, na makovu yanayoachwa na kifua kikuu kilichopona. Watu kama bilioni 2.1 duniani bado wanapikia moto wa wazi au majiko duni.

Mbali na kuhesabu vifo, mzigo wa maradhi hupimwa kwa kipimo kilichoenea tangu ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, kazi ya Christopher Murray na Alan Lopez, kinachojumlisha miaka aliyoikosa mtu kwa kufa mapema na miaka aliyoiishi akiwa mgonjwa. Nimeona kikifasiriwa kwa msururu wa maneno yanayomchosha msomaji kabla hajafika mwisho. Nilichoandika mimi ni miaka ya uzima iliyopotea. Uzima kwetu ni kuwa hai na pia ni kuwa na afya kamili. Aliyekufa ameupoteza wote, na anayehema kitandani ameupoteza kwa sehemu. Neno moja linabeba vile vipande viwili ambavyo wataalamu walihitaji hesabu nzima kuviunganisha.

Lakini uzima wa nani unaingia kwenye hesabu? Mwenye jina. Nitatoa mfano wa mbali kidogo. Afrika Kusini iliandika ugonjwa wa vumbi la migodini katika sheria za fidia mapema karne ya 20, na kwa miongo mingi fidia ya maana ilimwendea mchimbaji mzungu, huku mweusi akirudishwa kwao na kikohozi chake. Kesi kubwa ya wachimbaji wa dhahabu dhidi ya kampuni za migodi iliishia kwenye mapatano ya mwaka 2018 ya randi bilioni 5, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa wenye silikosisi, yaani ugonjwa huo wa vumbi, na kifua kikuu cha migodini, waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi 1965. Wamo watu wa Lesotho, wa Msumbiji, wa Malawi. Wazee wa Rungwe wanaikumbuka Wenela, shirika lililowaandikisha vijana Tukuyu na kuwapeleka kwenye migodi hiyohiyo. Uandikishaji ule ulikomeshwa Tanganyika ilipopata uhuru. Waliorudi wakati huo wako nje ya tarehe ya mapatano. Walikuja na vumbi vifuani, wakaitwa wenye kifua, wakazikwa na jina hilo.

Na si habari ya zamani tu. Kule Mererani, wanaapolo wanaochimba tanzanaiti huingia kwenye mashimo membamba, baruti ikilipuka vumbi la mwamba linabaki limening'inia hewani, nao wanalivuta. Wengi wao hufika hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu na leo ni mahali pa kwanza wengi kulisikia neno silikosisi. Mtu anaweza kutibiwa kifua kikuu mara mbili na tatu kabla ya kuambiwa kwamba kilichomkaa ni jiwe. Kifua kikuu humpa dawa za bure na jina kwenye rejesta ya taifa. Jiwe halimpi kitu, mpaka aandikwe.

Nguvu ya jina tumeiona hivi karibuni kwa macho yetu. Miaka kumi iliyopita ungesema nishati safi ya kupikia sokoni, watu wangekutazama. Leo mama ntilie analitamka, mbunge analitamka, na tangu mwaka 2024 kuna mkakati wa taifa unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Neno limetangulia, bajeti imefuata. Nafurahi kwa ajili ya watakaopika kesho. Waliokwisha kupika hawana neno lao bado.

Narudi kwenye mzigo. Mzigo wa maradhi ni istilahi iliyokwisha kukubalika, na sina nia ya kuing'oa. Ila kwa mzungumzaji wa Kiswahili mzigo hauelei hewani kama ulivyo kwenye ripoti. Mzigo una mtu. Kuna aliyeufunga, kuna aliyemtwika mwenzake, kuna anayeubeba kichwani, kuna wa kumtua. Kati ya kichwa na mzigo kuna kata, kile kitambaa kilichosokotwa duara ili uzito usikwaruze utosi. Ninaposoma kwamba mzigo wa maradhi ya mapafu "uko juu", nauliza maswali yote hayo. Amefunga nani? Amemtwika nani? Kata iko wapi? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika ripoti nzima hakuna sentensi iliyoelezea kwa usahihi zaidi kwa nini wizara hupanga fedha kidogo kwa ugonjwa ambao wagonjwa wake wako ndani, kimya, hawawezi hata kuja kulalamika.

Gharama nayo ina asili ya kukumbuka. Katika Kiarabu, gharama ni faini, malipo ya adhabu. Sisi tulipoipokea tuliisahaulisha kosa, ikabaki malipo matupu. Lakini mwenye mgonjwa wa mapafu huikumbuka maana ya kale bila kuambiwa. Analipa kama aliyeshtakiwa.

Daktari alisema shangazi akae kwenye oksijeni saa 15 kwa siku. Hiyo si namba ya kubahatisha: majaribio yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Marekani na Uingereza ndiyo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa waliopungukiwa sana na oksijeni huishi zaidi wakiipata kwa saa nyingi hivyo. Ukoo ulichanga kupitia kundi la simu, kila mtu alivyojaliwa, tukapata mashine iliyotumika ya kuchuja oksijeni kutoka hewani. Tulidhani tumemaliza. Mashine ile inakula wati 350. Kwa saa 15 ni uniti tano na robo kila siku, zaidi ya 150 kwa mwezi. Nyumba ya shangazi ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wa umeme, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao huuziwa uniti kwa bei ndogo. Mashine iliitoa nyumba kwenye kundi hilo mwezi wa kwanza tu, na bei ya uniti ikapanda karibu mara tatu. Kwa hiyo mgonjwa alianza kulipa zaidi kwa kila pumzi kwa sababu alihitaji pumzi nyingi. Sijaliona hilo katika jedwali lolote la gharama za magonjwa ya mapafu, na linaamuliwa kila siku kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, pale ukutani.

Kwa kifua kikuu, dunia imekubaliana juu ya mstari: gharama zikizidi asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha kaya, zinahesabiwa kuwa za kufilisi, na lengo ni kwamba pasiwe na kaya hata moja inayofikishwa hapo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya kaya zenye wagonjwa zinafikishwa. Nchini Kenya uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulizikuta zaidi ya robo zimevuka mstari. Penye kifua kikuu sugu, zaidi ya kaya 8 katika kila 10. Namba hizo zinauma, lakini angalau kuna aliyekwenda kuuliza. Mlangoni kwa shangazi hakubisha hodi mtu wa kuuliza.

Wachumi hugawa gharama mafungu mawili: za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Katika fungu la pili huwekwa siku za kazi zilizopotea, za mgonjwa na za anayemwangalia. Nimeifasiri istilahi hiyo mara nyingi, na sasa mkono unasita. Kwa Kiswahili kisicho cha moja kwa moja ni cha kuzunguka, cha pembeni. Binti wa shangazi alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, akakifunga kibanda ili akae na mama. Hakuna gharama iliyokwenda moja kwa moja kuliko ile.

Tunacho kitenzi kwa alichokuwa akikifanya, na ni kitenzi cha ajabu: kuuguza. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na ni pia kutoa sauti ya maumivu. Kuuguza, kwa umbo lake, kungetakiwa kumaanisha kumfanya mtu augue. Wazee waliokiunda hawakuona hivyo. Kwao kuuguza ni kumwezesha mtu auugue ugonjwa wake, kumpa mahali na mkono na usiku mzima wa kuugua maumivu yake, asiyaugue peke yake. Ndiyo maana sipendi ninapoombwa kuandika "mtoa huduma asiyelipwa". Lugha ina muuguzaji tayari. Lililobaki ni ripoti kumhesabu.

Binti yule mwenyewe alikuwa akihesabu. Mara ya mwisho nilipokwenda, mwezi wa Shaabani, alinionyesha daftari la shule lenye jalada la bluu, amelipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza Umeme, ya pili Dawa, ya tatu Nauli, tarehe zikishuka pembeni kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo. Safu ya nne haikuwa na kichwa. Ilikuwa na alama tu za vema kwa kalamu nyekundu, siku nyingine zipo, siku nyingine hazipo.

Nikamuuliza hii ni ya nini.

"Hiyo sikuipa jina, kaka. Mama akikesha ameketi, namshikilia mgongoni asianguke. Asubuhi naweka alama."

Nilizihesabu za mwezi ule. Zilikuwa 19, na mwezi ulikuwa haujaisha. Nilimrudishia daftari. Chumbani mashine ilikuwa ikiunguruma, na mita ya LUKU pale ukutani ilionyesha uniti 6.